Baharia Mwenye Kalamu: Deni Lake ni kwa Nani?

Katika mambo ya haki kuna swali moja ambalo watu huliruka upesi. Mtu aliyeona uovu kwa macho yake, naye amejaliwa kujua kuandika, ana deni kwa nani? Je, ni kwa yule atakayenunua kitabu? Ni kwa mwenye nyumba ya kupiga chapa, aliyetoa fedha yake? Au ni kwa wale walioumizwa mbele yake, ambao hawana kalamu? Kwa mdomo twajibu mara moja kwamba deni ni kwa walioumizwa. Lakini mwenye kalamu ana watoto wanaolia njaa, na kitabu hakitoki bila fedha. Ndiyo sababu twataka kulipima swali hili katika maisha ya mtu mmoja, Herman Melville, Mmarekani aliyependa bahari, aliyezaliwa New York tarehe 1 Agosti 1819 na kufa katika mji ule ule tarehe 28 Septemba 1891.

Alikuwa mtoto wa watu wenye mali, lakini baba yake alifilisika, akafa mwaka wa 1832, akaacha mjane na watoto wanane. Herman akaacha shule. Akawa karani wa benki, akalima katika shamba la ndugu wa baba yake, akafundisha watoto, na hakuna kazi iliyomshika. Mwaka wa 1839 akapanda merikebu ya biashara kwenda Liverpool. Mwaka wa 1841 akaingia merikebu ya kuwinda nyangumi, na mwaka uliofuata akaitoroka katika visiwa vya Marquesas. Mwishoni, mwezi wa Agosti 1843, akiwa Honolulu bila kazi ya kudumu, akajiandikisha kuwa baharia wa cheo cha chini katika manowari ya Marekani iliyoitwa United States. Alikuwa na miaka 24. Akakaa humo miezi 14, mpaka manowari ilipofika Boston mwezi wa Oktoba 1844.

Sisi tunaokaa mbali na bahari hatuwezi kuyaelewa maisha yale pasipo kuelezwa. Wasomaji wetu wa Uvira na Kalemie wanajua jinsi Ziwa Tanganyika linavyochafuka ghafula, lakini hata wao, siku ya hewa safi, huona milima ya ng'ambo. Fikirini maji yasiyo na ng'ambo, na juu yake nyumba moja ya mbao na matanga, na ndani ya nyumba hiyo wanaume karibu 500 pamoja na mizinga yao. Kila mtu alilala katika kitanda cha turubai kilichotundikwa darini, na nafasi aliyopewa ilikuwa kama sentimita 46 kwa upana, yaani haifiki hata mabega ya mtu mwenye nguvu. Usiku walikatiwa usingizi, kwa kuwa walipokezana zamu, nusu ya watu juu na nusu chini. Asubuhi walipiga magoti kusugua sitaha kwa mawe, mchanga na maji, miguu wazi, hata katika baridi kali ya Rasi ya Horn, kusini kabisa ya Amerika. Pombe kali waligawiwa kila siku kwa amri ya serikali. Na mara moja kwa mwezi waliitwa wote kusikiliza sheria za vita zikisomwa, ambamo adhabu ya kifo ilitajwa tena na tena, kosa baada ya kosa, hata masikio yakazoea.

Alipoingia, nguo nzito za baridi zilikuwa zimekwisha katika ghala ya manowari. Ndivyo anavyoeleza mwenyewe katika kitabu chake, naye anasema alijishonea koti jeupe la kitambaa chepesi, akalijaza matambara ndani. Akaomba rangi kidogo ya kulipaka ili lisipitishe maji, akanyimwa. Basi mvua iliponyesha, koti lilikunywa maji kama sifongo, na mwenye koti akatembea na mzigo mgongoni. Kutokana na koti hilo kitabu kikaitwa White-Jacket, yaani Koti Jeupe.

Hata hivyo, msidhani aliichukia bahari. Alipenda kukaa juu ya mlingoti mkuu, usiku wa hewa nzuri, pamoja na kikundi cha mabaharia waliopewa kazi ya huko juu. Mkuu wao alikuwa Mwingereza mmoja, Jack Chase, mtu shujaa na mcheshi, baharia wa kawaida ambaye hata hivyo alijua mashairi kwa moyo. Aliyempenda zaidi ni Camões, Mreno aliyeimba safari ya Vasco da Gama, yule aliyepita Mombasa na Malindi mwaka wa 1498. Hivyo pwani ya Waswahili ilitajwa juu ya mlingoti wa manowari ya Marekani, na wale waliokuwa wakisikiliza walikuwa watu wasio na kitu. Melville hakumsahau Jack Chase mpaka kufa, na tutamtaja tena.

Sasa twafika kwenye jambo lililomfanya awe na deni. Katika manowari zile baharia aliyekosa alipigwa mjeledi wa mikia tisa. Nahodha mwenyewe, bila kuita baraza la hukumu, aliweza kuamuru mapigo 12. Mtu alivuliwa shati, akafungwa mikono na miguu kwenye kimia cha mbao kilichosimamishwa, na msaidizi wa msimamizi wa mabaharia akampiga mgongoni mpaka ngozi ikapasuka. Watu wote waliitwa kutazama, hata vijana wadogo wanaojifunza uafisa. Maafisa hawakupigwa kamwe. Daftari la manowari United States lingalipo, na wenye kulisoma wamehesabu zaidi ya watu 150 waliopigwa katika miezi ile 14 ya Melville.

Hapa hatuna haja ya kuwaeleza wasomaji wa Kongo kwa maneno mengi. Fimbo ya ngozi ya kiboko, ile iliyoitwa chikote, ilifanya kazi katika nchi hii tangu siku za mfalme Leopold, na iliendelea katika gereza na katika jeshi siku za Wabelgiji. Wazee wetu walijua maana ya kuhesabiwa mapigo mbele ya watu. Walijua pia jambo ambalo Melville alilisema vizuri sana, kwamba maumivu ya mgongo hupona, bali aibu ya mtu mzima aliyevuliwa nguo mbele ya wenzake haina dawa. Yule mwenye kutazama naye anaharibika, kwa kuwa anajifunza kutazama bila kusema neno.

Kuna habari moja katika White-Jacket ambayo yatupasa kuieleza. Katika manowari walikuwamo Weusi wawili wenye kazi jikoni. Nahodha alipenda kuwachezesha. Aliwaamuru wagonganishe vichwa kama kondoo dume, naye akacheka pamoja na maafisa. Siku moja, baada ya mchezo huo, mmoja alimtukana mwenzake, wakapigana kwa kweli. Nahodha akawafunga wote wawili na kuwapiga mijeledi, akisema kugombana ni kinyume cha sheria. Yaani kupigana kwa kumfurahisha mkubwa ni halali, na kupigana kwa hasira yako mwenyewe ni kosa. Twamwachia msomaji apime mwenyewe sheria ya namna hiyo.

Basi baharia huyu akarudi nyumbani na habari nyingi, na ndugu zake wakamhimiza aziandike. Hapo akaingia katika bahari ya pili, yaani biashara ya vitabu, nayo ina mawimbi yake.

Kitabu chake cha kwanza, Typee, kilitoka mwaka wa 1846, kwanza London, kisha New York. Kilieleza siku zake kati ya wenyeji wa Marquesas, nacho kikapendwa. Lakini kilikuwa na maneno makali juu ya wamisioni Wamarekani wa Honolulu. Alisimulia, kwa mfano, habari ya bibi mmoja wa mmisioni aliyekuwa akivutwa katika kigari na wenyeji wawili kana kwamba ni farasi. Wakubwa wa dini wakakasirika, na mtoaji wa kitabu kule New York akataka sehemu hizo ziondolewe. Melville akakubali. Katika mwaka ule ule kikatoka kitabu kilichokatwa.

Gazeti hili ni la wamisioni, na msomaji mwenye akili atatuuliza: ninyi mnasemaje? Twajibu bila kuzunguka. Wale hawakuwa wa Kanisa letu, lakini jambo hilo halitupi ruhusa ya kucheka, kwa maana katika Kongo pia palikuwa na tipoyi, na waliobebwa mabegani mwa watu hawakuwa maafisa wa serikali peke yao. Ikiwa habari ya kigari ni ya uongo, ilifaa ijibiwe kwa kweli. Ikiwa ni ya kweli, aliyedhuriwa na mkasi ni nani? Si yule bibi, maana jina lake halikuandikwa. Waliodhuriwa ni wale wawili waliovuta, ambao walikuwa wamepata shahidi mmoja tu duniani, naye akanyamazishwa. Injili haikuhitaji kulindwa namna ile. Tena twadhani ya kuwa wamisioni wenyewe walipoteza kitu, kwa sababu mtu ambaye hakuna anayemwambia kosa lake hulizeesha.

Je, Melville alitenda dhambi kwa kukubali mkasi? Hatuthubutu kusema hivyo. Alikuwa kijana, kitabu kilikuwa cha kwanza, na mwenye chapa alikuwa na haki ya kusema: fedha ni yangu, na jina langu liko mbele ya kitabu pamoja na lako. Haki hiyo ipo kweli, na waandishi huisahau mara nyingi wanapolalamika. Lakini tukio hilo lilimfundisha kwamba kati ya aliyeona na anayesoma anasimama mtu wa tatu mwenye mkasi, naye ana hesabu zake.

Mwaka wa 1847 akaoa. Mwaka wa 1849 akapata mtoto wa kwanza, na katika mwaka huo huo kitabu chake cha tatu hakikupendwa. Fedha ikapungua. Basi katika miezi michache ya joto akaandika vitabu viwili mbio mbio, na cha pili ndicho White-Jacket, ambacho twaambiwa kilimchukua miezi kama miwili tu. Yeye mwenyewe hakukiheshimu sana. Alimwandikia mkwewe, jaji mkuu wa Massachusetts, kwamba vitabu hivyo viwili alivifanya kwa fedha tu, kama mtu anayekwenda kuchana mbao ili apate mshahara.

Kisha ilimlazimu avuke bahari tena, safari hii akiwa msafiri mwenye karatasi mkobani. Sababu yake ni ya kisheria. Siku zile hapakuwa na mapatano kati ya Marekani na Uingereza juu ya haki za waandishi. Kitabu cha Mmarekani kikitoka kwanza New York, mpiga chapa yeyote wa London aliweza kukinakili bila kumlipa hata senti moja, na wapiga chapa wa New York walifanya vile vile kwa vitabu vya Waingereza. Dawa ilikuwa kukiuza London kwanza. Lakini hata dawa hiyo ilikuwa na mashaka mwaka ule, kwa sababu hukumu za mahakama za Uingereza zilikuwa zimeleta shaka kama mgeni ana haki yoyote. Basi mwezi wa Oktoba 1849 Melville akasafiri na karatasi za chapa za White-Jacket, akabisha mlango baada ya mlango. Wengi wakakataa. Mwishowe Richard Bentley akakubali kutoa pauni 200. Kitabu kikatoka London mwezi wa Januari 1850, na New York mwezi wa Machi.

Tarehe 28 Septemba 1850 Baraza la Marekani lilifuta mjeledi katika manowari. Watu wengine husimulia kana kwamba kitabu hicho peke yake kilifanya kazi hiyo. Si kweli, na yafaa tuwe waaminifu. Ugomvi juu ya mjeledi ulikuwa umeanza miaka mingi kabla. Richard Henry Dana alikuwa ameandika mwaka wa 1840 juu ya mapigo katika merikebu za biashara, na seneta John Hale alikuwa akilipigania jambo hili barazani mwaka baada ya mwaka. White-Jacket kiliingia katika mto uliokuwa tayari ukienda, kikaongeza maji. Hata hivyo, tazameni ajabu yake. Kitabu alichokiandika kwa ajili ya mkate, bila kukipenda, ndicho kilichowasaidia wenzake wa sitaha kuliko vyote alivyoandika. Wale wanaofundisha kwamba kazi iliyofanywa kwa mshahara haina thamani mbele ya haki wangefanya vema kukumbuka jambo hili. Seremala hachongi jeneza kwa machozi, na maiti huzikwa vile vile.

Lakini kuna jambo jingine, gumu zaidi. Miaka mingi baadaye wataalamu walilinganisha kitabu na daftari la manowari. Wakaona kwamba mambo mengine hayakutokea. Katika kitabu, mwenye koti jeupe anaanguka kutoka juu ya mlingoti hadi baharini, naye anaokoka kwa kulipasua koti lake kwa kisu. Anguko hilo lilichukuliwa kutoka kitabu cha baharia mwingine, Nathaniel Ames, kilichotoka mwaka wa 1830. Katika kitabu, yeye mwenyewe anaitwa kupigwa mjeledi kwa kosa ambalo hakulijua, anawaza kumkamata nahodha na kuruka naye majini wafe wote wawili, na mara hiyo Jack Chase na koplo mmoja wanamtetea. Daftari halina dalili ya jambo hilo.

Je, kweli inaweza kusaidiwa na mambo ya kubuni? Hili si swali dogo. Msomaji mmoja atasema: Yesu naye alifundisha kwa mifano, na hakuna aliyeuliza jina la mwana mpotevu. Ni sawa, lakini asikiaye mfano anajua ni mfano. Melville katika dibaji alisema kwamba alitumika katika manowari, na kwamba kitabu kina mambo aliyoyapata na kuyaona. Msomaji wa kawaida angefikiri nini, isipokuwa kwamba mambo yote yalimpata hivyo? Upande mwingine, aliibadili manowari jina, akaiita Neversink, na nahodha akampa jina la kubuni, ili mtu fulani asihukumiwe na kitabu. Alihukumu mjeledi, wala hakumhukumu mtu kwa jina lake. Katika jambo hilo alikuwa mwangalifu kuliko wengi wanaoandika magazetini.

Sisi twaona hivi. Aliposimulia migongo ya wengine, hakuhitaji kubuni, maana ilikuwa zaidi ya 150. Alipotaka kuwa yeye mwenyewe katikati ya hadithi, ndipo alipobuni. Na hapo ndipo alipowapa maadui wa kitabu mlango wa kuingilia, maana anayetaka kuulinda uovu hutafuta kosa moja la shahidi ili akatae yote. Yule aliyepigwa kweli kweli, tarehe fulani, jina lake likiwa katika daftari, alistahili kukaa mahali pale pa katikati.

Baada ya hapo Melville akaamua kuandika kama alivyotaka. Kitabu juu ya nyangumi mweupe, Moby-Dick, kilitoka mwaka wa 1851. Hata kabla hakijakwisha, ndugu Harper, watoaji wake wa New York, walikataa kumkopesha fedha nyingine, kwa sababu alikuwa na deni lao karibu dola 700. London kilitolewa kwa chapa 500 tu, kwa mabuku matatu, mkasi umepita tena juu ya maneno yaliyogusa dini na wafalme. Tena, kwa sababu ambayo hakuna ajuaye hakika, sehemu ya mwisho haikupigwa chapa kule London. Sehemu hiyo ndiyo inayoeleza jinsi msimuliaji alivyookoka wakati merikebu ilipozama na watu wote. Basi wahakiki wa London wakauliza: ikiwa wote walikufa, nani ametuletea habari? Wakacheka. Hivyo mwandishi akalaumiwa kwa ukurasa ambao aliuandika kweli, na wasomaji hawakuuona. Mwaka wa 1853 nyumba ya Harper ikaungua, na vitabu vyake vingi vikawa majivu. Katika maisha yake yote Moby-Dick kiliuzwa Marekani chapa kama 3,000 tu, kitabu ambacho leo kinasomwa katika vyuo vya dunia nzima.

Kutoka mwaka wa 1866 mpaka 1885 alikuwa mkaguzi wa forodha katika bandari ya New York, kwa dola nne kwa siku, akipanda merikebu za wengine kutazama shehena zao. Wenye kumjua walimsifu kwa uaminifu katika kazi iliyojaa rushwa. Wanawe wawili wa kiume walikufa kabla yake. Aliandika mashairi, akatoa kitabu kimoja juu ya mabaharia mwaka wa 1888 kwa fedha yake mwenyewe, chapa 25 tu, za kuwapa rafiki. Alipokufa, gazeti kubwa moja la mji ule lilimtaja siku chache baadaye kwa jina la Hiram.

Lakini mezani kwake paliachwa maandiko ya mkono, na hapa swali letu linarudi kwa nguvu. Ili kuelewa, yatupasa kurudi nyuma mpaka tarehe 1 Desemba 1842. Siku hiyo, katika manowari ndogo ya Marekani iliyoitwa Somers, watu watatu walinyongwa baharini kwa kushukiwa kwamba walitaka kuasi. Mmoja wao alikuwa kijana wa miaka 19, mtoto wa waziri wa vita. Hawakuhukumiwa na baraza halali. Maafisa walikaa faraghani, wakatoa shauri, nahodha akatekeleza. Na afisa wa kwanza wa manowari ile, aliyekuwa mkuu kati ya waliotoa shauri, alikuwa Guert Gansevoort, mtoto wa ndugu ya mama yake Melville. Huyu aliishi na jambo lile moyoni mpaka alipokufa mwaka wa 1868.

Nani kati yetu hajui uzito huu? Uovu wa mgeni ni rahisi kuuandika. Uovu uliomo katika ukoo wako, ambao umefanywa na mtu uliyekula naye, tena mtu asiye mbaya, aliyefikiri anatimiza kazi yake, huo unakaa kooni. Melville aliigusa habari ya Somers katika White-Jacket kwa maneno machache, akapita. Kisha akakaa nayo miaka mingi. Uzeeni ndipo alipoanza kuandika Billy Budd, akaendelea nayo mpaka miezi ya mwisho ya maisha yake.

Habari yenyewe aliiweka katika manowari ya Uingereza mwaka wa 1797, mwaka wa maasi makubwa ya mabaharia Waingereza. Billy ni baharia kijana, mwema, asiyejua kusoma, aliyetolewa kwa nguvu katika merikebu ya biashara. Mkuu wa nidhamu, Claggart, anamsingizia kuwa anapanga maasi. Billy ana kigugumizi; mbele ya nahodha neno linakataa kutoka, mkono unatoka badala yake, na Claggart anaanguka amekufa. Nahodha Vere anajua kwamba kijana hana hila. Anampenda kama mwana. Naye analishurutisha baraza limhukumu kifo, kwa kuwa ni vita na sheria ni sheria. Asubuhi Billy ananyongwa kwenye foromali, boriti ile ya kubeba tanga.

Wasomaji hubishana mpaka leo kama Vere alitenda haki. Sisi twadhani hakutenda, kwa maana aliweza kungoja mpaka afikie mkuu wa manowari zote, na haraka yake ilitoka katika hofu aliyoiita wajibu. Lakini Melville hamchori kama mnyama. Anamchora kama mtu wa ukoo wake.

Na karibu na mwisho wa hadithi analeta jambo ambalo mtu aliyekaa miaka 45 kati ya wapiga chapa ndiye awezaye kulifikiri. Gazeti la jeshi la bahari linatoa habari ya kifo kile. Katika gazeti, Claggart ni mtu mwaminifu aliyeuawa akifanya kazi yake, naye Billy ni mhalifu, labda mgeni, aliyemchoma kisu. Ndivyo ilivyopigwa chapa, basi ndivyo ilivyobaki katika maandiko ya serikali. Ila mabaharia, wasiojua kusoma gazeti hilo, waliendelea kuuliza ile foromali ilipelekwa manowari gani, bandari gani, na kipande kidogo cha mti ule kilikuwa kwao kama kipande cha Msalaba. Mmoja wao akatunga wimbo.

Tena akaifunga hadithi katika karatasi zake bila kumpelekea mpiga chapa yeyote. Wengine husema aliogopa, wengine kwamba alikuwa hajamaliza. Sisi hatuoni kwamba deni lake lilibaki bila kulipwa kwa sababu hapakuwa na msomaji. Kutangaza hakukuwa katika uwezo wake tena. Watoaji walikuwa wamemsahau. Kuandika kulikuwa katika uwezo wake, na aliandika, akafuta, akaandika tena, mzee wa miaka 71, bila mkasi wa mtu mwingine.

Mjane wake aliyatunza maandiko katika sanduku la bati, naye akafa mwaka wa 1906. Mwaka wa 1919 mjukuu wake alimwonyesha mwalimu mmoja wa chuo, Raymond Weaver, na Billy Budd ikapigwa chapa London mwaka wa 1924, miaka 33 baada ya mwandishi kufa. Weaver alipata shida kuusoma mkono ule uliojaa masahihisho, akakosea mengi, hata jina la manowari yenyewe. Mwaka wa 1962 wataalamu wawili, Hayford na Sealts, walipitia karatasi moja moja, wakatoa maandiko yaliyo karibu zaidi na aliyoyaacha. Ukurasa wa mbele haukuwa na shida ya kusomeka. Melville ameitoa hadithi yake kwa Jack Chase, Mwingereza, mkuu wa mlingoti wa manowari United States mwaka wa 1843, akiwa hajui kama yungali hapa duniani au amekwisha kutia nanga peponi.